Mafuta, Maji na Lugha Garbatulla

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu mafuta na makaa ya mawe nchini umeachiwa wahandisi, wanasheria na wachumi. Sisi walimu wa lugha tumeketi pembeni kana kwamba hautuhusu. Nashikilia kwamba watuhusu mno, na mahali pafaapo kulithibitisha jambo hilo ni Garbatulla, kaunti ya Isiolo.

Wakazi wengi wa Garbatulla ni Waborana, wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Malisho yao yamegawanywa katika maeneo yaitwayo dedha, na kila dedha ina wazee wake ambao huamua mifugo ipelekwe wapi wakati wa mvua na majani yapi yahifadhiwe hadi kiangazi. Kisimani, zamu ya kunywesha husimamiwa na aba herega. Sheria hizi ziliishi vichwani mwa wazee hadi wenyeji wenyewe walipoanza kuziandika, ili wanapokutana na serikali au kampuni wawe na jambo la kuweka mezani. Hiyo nayo ni harakati, ingawa haina mabango wala virungu vya polisi.

Sababu ya kuziandika yaonekana wazi. Kati ya 2009 na 2010 kampuni ya Kichina ya CNOOC ilichimba huko Isiolo kisima cha utafiti chenye kina cha zaidi ya mita 5,000, bila ya kupata mafuta ya kuuza. Mwaka 2012 mafuta yalipatikana Turkana, na bomba la kuyafikisha Lamu likapangwa kuvuka Isiolo. Halijajengwa hadi leo, lakini mradi haujafa: mwaka 2025 kampuni ya Tullow iliuza mali zake za Turkana kwa Gulf Energy.

Wakati huo huo, kati ya 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo. Mwaka 2023 wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walieleza kwamba ukame ule uliongezewa uwezekano wa kutokea takriban mara 100 na joto litokanalo na shughuli za binadamu. Kenya haichangii hata asilimia moja ya gesi zinazoleta joto hilo. Mfugaji aliyezika ng'ombe wake amelipa deni la wengine, kisha anaombwa ardhi ya kupitishia bomba.

Je, anaombwa kwa lugha gani? Kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zataka mikutano isiyopungua mitatu na wale watakaoathirika, na matangazo ya redio kwa lugha rasmi na za wenyeji. Lakini ripoti yenyewe, ambayo huweza kufika mamia ya kurasa, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu.

Tazameni yaliyotokea Lamu. Kampuni ya Amu Power ilipewa leseni mwaka 2016 kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi. Wananchi waliojiunga katika Save Lamu walikwenda kwenye Baraza la Taifa la Kuamua Kesi za Mazingira, nalo likaifuta leseni tarehe 26 Juni 2019. Miongoni mwa sababu kuu ni kwamba mikutano ilifanywa kabla ya utafiti kukamilika, na watu hawakuelezwa ipasavyo athari zenyewe.

Hapa nitaomba radhi kwa kuingiza sarufi. Twapenda kusema kwamba wananchi "walishirikishwa". Kitenzi hicho kina kauli ya kusababisha na ya kutendwa pamoja: mtu mwingine ndiye mtenda. Aliyeitwa chini ya mgunga, akapewa soda na kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, ameshirikishwa. Kushiriki kwahitaji kwamba ajue kinachosemwa na aweze kusema hapana.

Wala tusidhani kwamba Kiswahili pekee chatosha. Neno "tabianchi" ni zuri darasani, ila kwa mzee wa dedha ni geni kama Kiingereza. Yeye ana ganna, mvua ndefu, na hagaya, mvua fupi, na aweza kueleza kwa usahihi jinsi zilivyobadilika tangu ujana wake. Mfasiri mwema ataanzia hapo.

Nawahimiza basi walimu wa Isiolo, na wanafunzi wa vyuo vikuu waliotoka huko, kutumia likizo kufasiri muhtasari wa ripoti hizi kwa Kiborana, wakiwa na wazee, wakibishana nao juu ya kila istilahi: fidia, ridhaa, kumwagika kwa mafuta, kuchafuka kwa maji ya chini ya ardhi. Idara zetu ziitambue kazi hiyo kama utafiti. Ianze sasa, kabla ya mkutano ujao wa bomba kuitishwa.