Mfugaji nyuki, mjue mdaka nzi kabla ya kushika manati

WAFUGAJI wengi wa nyuki wakiona ndege mweusi karibu na mizinga hukimbilia manati. Hasira hiyo inaeleweka, kwani mramba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda, hudaka nyuki wakiwa angani. Tatizo ni kwamba wapo ndege wengine wawili wanaofanana naye, nao huadhibiwa kwa makosa yake.

Hao ni mdaka nzi mweusi wa kaskazini na mwenzake wa kusini. Kila mmoja ana urefu wa sentimita 20 hivi, na dume na jike hufanana. Jina la kitaalamu la yule wa kaskazini, Melaenornis edolioides, lina maana ya ndege mweusi anayefanana na mramba. Wa kusini ni Melaenornis pammelaina, yaani mweusi mwili mzima.

Kuwatofautisha wawili hao si kazi ngumu. Kwanza, tazama manyoya yao juani. Wa kusini hung'aa kwa weusi wenye ubuluu, ilhali wa kaskazini amefifia kama masizi. Pili, zingatia eneo. Wa kaskazini anapatikana kuanzia Senegali hadi Ethiopia, Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini magharibi mwa Tanzania. Wa kusini anaanzia katikati na mashariki mwa Kenya, anaenea sehemu kubwa ya Tanzania, hadi Afrika Kusini.

Kwa tabia wanakaribiana mno. Hutua kimya kwenye tawi la chini, hutazama ardhini, kisha hushuka kunyakua panzi, mbawakawa au kumbikumbi. Mramba ni mwenye kelele na ugomvi, na jicho lake ni jekundu. La mdaka nzi ni jeusi, na mkia wake hauna panda.

Kwa hiyo anayempiga mdaka nzi anamfukuza kibarua asiyedai ujira. Hata mramba hula wadudu waharibifu, na mzinga wenye nguvu una nyuki makumi ya maelfu. Wachache wanaoliwa hawaumalizi.

Mkulima anayetaka kuwanufaisha ndege hawa asikate kila mti mkavu shambani. Matawi yake ni mahali pao pa kuvizia wadudu, na mashimo ya miti ni sehemu wanazotagia mayai.