Akina Mama, Tunaweza Kuiona Bahari Bila Kukopa

Akina mama wa Singida tunasafiri sana. Tunafunga mizigo kwenda msibani, kwenda arusini, kuuguza mgonjwa au kumpeleka mtoto shuleni. Lakini ni wangapi tumewahi kufunga mzigo ili tupumzike tu, pamoja na mume na watoto? Tukisikia habari za Mafia, ambako watu huingia baharini kutazama samaki na matumbawe, tunasema hayo ni mambo ya Wazungu.

Mpenzi msomaji, si kweli. Bahari ile ni yetu, na Mtanzania hulipa ada ndogo kuliko mgeni. Kinachotushinda mara nyingi ni kukosa mpango. Safari isiyopangwa huishia kwenye mikopo ya kausha damu, na furaha ya siku tano haifai kulipwa kwa machozi ya mwaka mzima.

Chagua wakati

Zungumza na baba watoto mapema, kabla ya mavuno. Wazamiaji wengi hupenda miezi ya Oktoba hadi Machi, maji yakiwa safi zaidi. Lakini Desemba sisi tuko shambani tukipanda, na mfuko ni mtupu. Juni mavuno yapo, ila upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Kwa familia ya mkulima, likizo fupi ya Septemba ndiyo inayofaa. Alizeti imeshauzwa, shamba limepumzika, na kusi huwa imeanza kupungua.

Hesabu kabla ya kuota

Andika kila kitu katika daftari: nauli, malazi, chakula, ada ya hifadhi, mashua, na akiba ya dharura. Tuseme ninyi ni baba, mama na watoto wawili walio kati ya miaka 4 na 12. Treni ya umeme ya Dodoma hadi Dar es Salaam ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Basi kwenda ni shilingi 93,000, na kwenda na kurudi ni 186,000. Uliza nauli ya sasa, kisha ongeza basi la Singida hadi Dodoma na gharama nyingine.

Ukipata jumla, igawanye kwa miezi iliyobaki. Ikiwa kiasi cha mwezi kinazidi uwezo wenu, msikope. Ongezeni miezi, hata safari ikiwa ya mwakani. Tenga kuku kadhaa na gunia la vitunguu kuwa mali ya safari. Ada ya shule isiguswe kamwe.

Njia ya kwenda Mafia

Kutoka Dar es Salaam mnakwenda Mbagala Rangi Tatu kupanda gari la Nyamisati, wilayani Kibiti. Hapo mnapanda chombo cha kuvuka hadi Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Ulizeni saa za chombo siku moja kabla, kwa sababu safari hufuata maji kupwa na kujaa. Huenda mkalazimika kulala Dar es Salaam. Hosteli za makanisa huwa na bei nafuu na utulivu.

Kilindoni kuna gesti za kawaida, na samaki ni wengi. Hoteli za Utende, upande wa pili wa kisiwa, ni ghali. Laleni Kilindoni, asubuhi mwende Utende kwa gari, kisha mrudi jioni. Huko ndiko iliko Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Chukueni kitambulisho cha taifa ili mlipe ada ya raia. Wenyeji wengi ni Waislamu, hivyo tukitoka majini tujifunge kanga.

Kila mtu na begi lake

Masanduku makubwa yaacheni nyumbani. Kila mmoja abebe begi la mgongoni analoliweza, hata mtoto, ili mikono ibaki huru kushika wadogo. Ndani yake weka nguo chache, kanga, kofia, viatu vya plastiki vya kuingia navyo majini, chandarua, dawa ya maumivu, plasta na pakiti za ORS.

Neno la muuguzi

Hapa naomba tusikilizane sana. Singida iko juu, na malaria ni kidogo kuliko Pwani. Miili ya watoto wetu haijaizoea. Laleni ndani ya chandarua kila usiku. Mtu akipata homa hata wiki nne baada ya kurudi, aende kupimwa mara moja, na amweleze mhudumu kwamba alikuwa Pwani.

Msipande chombo kilichojaa kupita kiasi. Mwaka 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na mwaka 2018 MV Nyerere ikazama katika Ziwa Victoria. Vyote vilikuwa vimejaza kupita uwezo. Kupoteza nauli ni afadhali. Kwenye mashua, kila mmoja avae jaketi la kujiokolea kabla ya kuondoka, na jaketi la mtoto limtoshe mtoto.

Wengi wetu hatujui kuogelea, na Ziwa Singidani halijatufundisha. Usione aibu. Ukiwa na jaketi, miwani ya majini na mrija wa kupumulia, unaelea juu ukitazama matumbawe karibu na mwongozaji. Usiyakanyage wala kuyashika. Ni viumbe hai. Kuzamia kwa mtungi wa hewa kunahitaji mafunzo na fedha nyingi, na mama mjamzito haruhusiwi. Aliyezamia kwa mtungi asipande ndege kabla ya saa 24 kupita, wala asiharakishe kurudi kwenye nyanda za juu kama kwetu.

Kumbuka pia kwamba mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Huzama kimya, watu wakiwa karibu. Pangeni zamu, baba na mama. Mwenye zamu asishike simu, na mtoto mdogo awe karibu kiasi cha kufikiwa na mkono.

Kupumzika si uvivu

Wako watakaosema mnajionyesha. Lakini Bwana mwenyewe aliwaita wanafunzi wake waende kando wapumzike. Mama aliyechoka mwaka hadi mwaka hukasirika upesi, na nyumba nzima huumia. Watoto wakimwona baba akicheka na mama ndani ya maji, wanajifunza jambo la ndoa ambalo semina haliwezi kuwafundisha.

Basi jioni hii, baada ya chakula, chukueni daftari. Andikeni mwezi, jumla, na kuku wa kwanza wa kutengwa.