Ukatili wa majumbani na saa 72 za kwanza

Ukatili wa majumbani ni mwenendo wa mtu kumtawala mwenzi wake kwa hofu, na kipigo ni sehemu moja tu. Mara nyingi huanza na kukaguliwa simu, kuzuiwa kwenda kwa ndugu, kunyang'anywa mshahara na kutukanwa mbele ya watoto. Kofi huja baadaye, hufuatwa na kuombwa radhi na siku za utulivu, kisha hurudi. Utulivu huo ndio humfanya anayepigwa aamini kwamba mwenzake amebadilika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya mwanamke 1 kati ya 4 waliowahi kuwa na mwenzi ameshambuliwa naye kimwili au kingono. Wanaume pia hupigwa, na wengi hunyamaza kwa aibu. Manusura huandamwa na sonona, maumivu sugu na mimba kuharibika. Jeraha linalodharauliwa kuliko yote ni kukabwa koo: ngozi huenda isibaki na alama, ilhali mshipa wa damu shingoni umeumia na kiharusi kinaweza kufuata siku kadhaa baadaye. Aliyekabwa apimwe hata kama anajiona mzima.

Aliyebakwa ana muda mfupi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ikiwezekana. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Ni vyema asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa, kwa kuwa ushahidi hupotea, lakini aliyekwisha kuoga bado anastahili kutibiwa.

Tanzania ina Vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako daktari, polisi, ofisa ustawi wa jamii na mshauri nasaha hupatikana mahali pamoja. Pasipo na kituo hicho, fomu ya PF3, ya polisi kwa ajili ya matibabu ya majeruhi, hutolewa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Wazee wanaomwambia mke avumilie wanakosea hata kisheria: Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi kumchapa mwenzake. Nchini Kenya, sheria ya 2015 ya kuzuia ukatili wa majumbani inairuhusu mahakama kumwondoa mkatili nyumbani.

Hatari huongezeka manusura anapoamua kuondoka. Kwa hiyo nauli, kitambulisho, vyeti vya watoto na dawa huhifadhiwa mapema kwa mtu anayeaminika, bila mkatili kujua. Nchini Kenya, namba ya msaada kwa manusura, 1195, hupigwa bure saa zote. Kwa watoto, Kenya na Tanzania, ni 116.