Kuanzia Saa Sita Usiku, Asile Wala Asinywe

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya amri moja ambayo familia nyingi za mjini zimewahi kuisikia mlangoni pa wodi: kuanzia saa sita usiku, mgonjwa asile wala asinywe. Hupewa mgonjwa anayengojea kupasuliwa kesho yake. Wote huambiwa amri; sababu yake huambiwa wachache.

Mimi niliisikia miaka kadhaa iliyopita, mjukuu wangu wa miaka 5 alipolazwa ili apasuliwe ngiri. Hospitali sitaitaja, maana kosa nitakalolieleza lilikuwa letu pia. Tuliambiwa ataingia chumba cha upasuaji asubuhi. Asubuhi ikapita. Ilipofika saa sita mchana mtoto alikuwa amelia hata sauti imemkauka, haombi kingine ila maji. Bibi yake alikuwa na chupa ya uji kikapuni. Akanitazama, nami nikamtazama. Kisha, nakiri mbele yenu, nikaenda kusimama mlangoni niangalie kama sista anakuja. Mtoto akanyweshwa nusu kikombe.

Saa nane wakaja kumchukua. Mtaalamu wa usingizi, kijana mpole, akauliza kama mtoto ametia chochote kinywani. Binti yangu akajibu upesi, "Hajala." Moyo ulinipiga, nikasema, "Amekunywa uji, mwanangu. Saa sita." Upasuaji ukaahirishwa hapo hapo. Nilitazamia tukaripiwe, lakini kijana yule alivuta kiti akaketi. "Mzee," akasema, "mngenificha, huenda tungempoteza mezani."

Alichotueleza ni hiki. Mtu akipaliwa na tonge, hukohoa. Kukohoa huko ndiko mlinzi wa mapafu. Mtu akipewa nusukaputi, mlinzi huyo naye hulala. Kilichomo tumboni kikipanda kooni, hakuna wa kukizuia kisiteremke mapafuni, na maji ya tumboni yana tindikali kali inayounguza. Chakula kigumu ni kibaya zaidi, kwani chaweza kuziba njia ya pumzi kabisa.

Hayo si maneno ya kutishia watu. Mwaka 1946 daktari wa New York, Curtis Mendelson, alichapisha hesabu ya akina mama 44,016 waliojifungua. Kati yao, 66 walivuta mapafuni vitu vilivyotoka tumboni wakiwa chini ya dawa ya usingizi. Wawili walikufa, na wote wawili walikuwa wamezibwa na chakula kigumu. Madaktari walishtuka, na walikuwa na haki kushtuka. Taratibu, mahali pengi, tahadhari hiyo ikageuka kuwa amri moja kwa kila mgonjwa na kwa kila kitu: wali, uji, maji, vyote marufuku tangu usiku wa manane.

Lakini je, maji ni sawa na wali? Hapo ndipo amri ilipopotea njia. Tena watu wa zamani walijua tofauti hiyo. Joseph Lister, yule Mwingereza aliyewafundisha madaktari kuua vijidudu katika upasuaji, aliandika katika miaka ya 1880 kwamba chakula kigumu kisiwemo tumboni, ila kikombe cha chai saa mbili kabla ya dawa kinafaa. Baadaye hilo likasahauliwa. Ilipofika mwaka 1986, Roger Maltby na wenzake huko Calgary, Kanada, waliwapa baadhi ya wagonjwa maji mililita 150, yapata nusu gilasi hivi, saa mbili au tatu kabla ya upasuaji, kisha wakapima kilichobaki tumboni. Waliokunywa maji hawakukutwa na maji mengi kuliko waliofunga. Tumbo la mtu mzima wa afya huyasukuma maji chini upesi, lakini chakula chenye mafuta huking'ang'ania kwa saa nyingi.

Msikilizaji atasema, basi kazi imekwisha, amri ibadilishwe. La hasha. Utafiti mmoja haubadilishi kazi ya maelfu ya wodi, wala haifai uibadilishe. Chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kiliunda jopo. Jopo likakusanya tafiti zilizochapishwa na kuzipima, ipi ina nguvu na ipi ni dhaifu. Likawauliza mabingwa, likawauliza na wanachama wa kawaida wanaofanya kazi usiku na mchana, likaitisha mikutano ya wazi ili anayepinga apinge. Mwaka 1999 mwongozo ukatoka. Na wenyewe waliuita mwongozo, si sheria: daktari aweza kuukubali, kuurekebisha au kuuacha kwa kadiri ya hali ya mgonjwa aliye mbele yake.

Mwongozo wenyewe ni mfupi. Maji na vinywaji visivyo na chembe wala maziwa vikome saa 2 kabla ya dawa ya usingizi. Maziwa ya mama, saa 4. Mlo mwepesi, na maziwa mengine yote, saa 6. Vyakula vya kukaanga, vya mafuta au nyama huenda vikahitaji saa 8 au zaidi. Kwa lugha ya jikoni kwetu, chai ya rangi ni kinywaji, chai ya maziwa ni chakula. Na uji, hata uwe mwepesi namna gani, si maji. Bibi wa mjukuu wangu hakulipenda hilo hata kidogo.

Tena hesabu hiyo ni ya watu wenye afya waliopangiwa siku. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, aliyeziba utumbo, aliyegongwa na gari, hao wana hesabu yao, na mwenye kuipiga ni mtaalamu wa usingizi peke yake.

Mwongozo huo umekwisha kurudiwa, mwaka 2011, 2017 na 2023. Kuhusu watoto bado kuna ubishi. Wataalamu wa Ulaya waliamua mwaka 2022 kwamba mtoto aweza kunywa maji mpaka saa 1 kabla. Wamarekani, mwaka uliofuata, walisema ushahidi haujatosha, wakabaki na saa 2. Watu wenye elimu ileile, na hawakuafikiana. Mimi sioni aibu katika hilo.

Kwa nini basi amri ya saa sita usiku haitoki wodini? Nilimwuliza kijana yule. Akacheka kidogo. Ni rahisi, akasema: muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi, na zamu ya kuingia hubadilika bila taarifa, huyu akiahirishwa yule huitwa mapema. Ukiwafungisha wote tangu usiku, hutakosea. Namwelewa muuguzi huyo. Ila amri isiyoelezwa, na inayomtesa mtoto kwa kiu saa kumi na nne, ndiyo inayomtuma bibi kufungua chupa ya uji na babu kusimama mlangoni. Tungaliambiwa asubuhi ile kwamba maji matupu hadi saa fulani si neno, na uji ni hatari, nusu kikombe kile kisingalinyweka.

Kesho yake mjukuu aliwekwa wa kwanza. Saa kumi na mbili asubuhi sista alimletea maji kidogo gilasini, akasimama kuhakikisha yameisha. Saa mbili na nusu wakamchukua. Alipozinduka jioni ile neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza uji wake uko wapi.