Kabla ya Kufungua Jiko la Gesi Lililopachikwa Mezani

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia (2024–2034), unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ambako kuni na mkaa vimetumika vizazi kwa vizazi, mtumiaji wa gesi hujifunza kwanza kuwasha jiko. Kulitunza na kulitengeneza ni elimu nyingine, nayo haipaswi kusubiri ajali.

Makala haya yanahusu jiko lililopachikwa juu ya meza ya zege au marumaru, kama yaliyomo katika baadhi ya nyumba za kuishi na za kulala wageni. Jiko hili hutofautiana na mtungi mdogo wenye kichomeo juu yake. Mpira na maungio yake yamefichwa chini ya meza, hivyo uvujaji hauonekani kwa urahisi. Zaidi ya hayo, gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, haipandi ikatoka dirishani, bali hutuama chini, ndani ya kabati. Kwa sababu hiyo kabati linalohifadhi mpira au mtungi lazima liwe na matundu ya hewa karibu na sakafu.

Hitilafu nyingi hazihitaji jiko kufunguliwa. Moto ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, mara nyingi kichomeo kimeziba kwa mafuta, vumbi au chakula kilichomwagika. Jiko likiwa limepoa na mtungi umefungwa, vifuniko vya vichomeo huondolewa, huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kabisa na kurudishwa mahali pake barabara. Cheche zisipotoka, huenda betri iliyo chini ya jiko imekwisha au kiwashio kimelowa. Moto ukizimika mara nobu inapoachiwa, ibonyezwe kwa sekunde chache zaidi baada ya kuwasha, ili kihisi cha joto kilicho kando ya kichomeo kipate moto. Hali ikiendelea, kihisi hicho huenda ni kichafu au kimeharibika.

Ikibidi jiko lifunguliwe, utaratibu ni huu. Kwanza, mtungi ufungwe, kisha kichomeo kimoja kiwashwe hadi moto uzimike wenyewe, ili gesi iliyobaki katika mpira iishe. Pili, waya wa umeme uchomolewe au betri itolewe, na madirisha yafunguliwe. Tatu, vyuma vya kuwekea sufuria, vifuniko vya vichomeo na nobu viondolewe. Skrubu zinazoshikilia bamba la juu kwa kawaida huwa kuzunguka vichomeo. Nyingine huwa chini ya meza, pamoja na vibano vinavyolishika jiko. Bamba lisilotoka lisilazimishwe kwa bisibisi, hasa likiwa la kioo, kwani ipo skrubu iliyosahaulika. Kupiga picha kwa simu katika kila hatua husaidia wakati wa kurudishia.

Ndani huonekana mabomba membamba, vali na jeti, yaani vipande vidogo vya shaba njano vyenye tundu jembamba la kupitishia gesi. Hapa mkono wa mwenye nyumba unapaswa kukoma. Jeti isitobolewe kwa sindano wala waya, kwa kuwa tundu likipanuka hata kidogo gesi hupita kwa wingi kuliko hewa inayohitajika. Moto huo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hatari kama hiyo hutokea kwa jiko lililotengenezwa kwa ajili ya gesi asilia ya bomba, ambalo jeti zake zina matundu makubwa zaidi. Likiunganishwa na mtungi bila kubadilishwa jeti, moto wake huwa mrefu na wa njano. Mnunuzi wa jiko lililotumika aulize jambo hili kabla ya kulipa.

Kazi ya jeti, vali na mabomba ni ya fundi aliyefunzwa kazi ya gesi. Ujuzi wa umeme au wa mabomba ya maji pekee hautoshi. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba mapema, na mwenye nyumba ya wageni asiwaachie wahudumu wake kubahatisha.

Baada ya matengenezo, maungio yote yapakwe povu la sabuni huku mtungi ukiwa wazi na nobu zote zimefungwa. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Kiberiti kisitumike kamwe kutafuta uvujaji. Mpira uliopasuka au kukakamaa ubadilishwe. Usifungwe kwa utepe.

Harufu ya gesi ikisikika ndani, swichi ya umeme isiguswe, wala kuwashwa, wala kuzimwa. Milango ifunguliwe, mtungi ufungwe ikiwa unafikika bila hatari, na watu wote watoke. Wakiwa nje, mbali na nyumba, ndipo wapige simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa kaya iliyo mbali na mji, dakika za kusubiri msaada ni nyingi. Kinga yake ya kwanza ni mkono unaofunga mtungi kabla ya kushika bisibisi.