Nani Afungue Jalada? Ruhusa katika Kompyuta ya Ofisi

Ofisi yenye watumishi sita hupenda kuweka majalada yake yote katika diski moja ya kompyuta, inayofikiwa na kila mtu. Hatari yake hujulikana siku orodha ya mishahara inaposomwa na asiyehusika, au hesabu za mwaka zinapofutwa.

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, hugawa watu katika mafungu matatu: mwenye jalada, kikundi, na wengineo. Kila fungu hupewa au hunyimwa ruhusa ya kusoma, yenye thamani ya 4. Ya kuandika, 2. Na ya kuendesha programu, 1. Hivyo 640 maana yake mwenyewe husoma na kuandika, kikundi husoma tu, wengineo hawapati kitu.

Linalowashangaza wengi ni kwamba aliyenyimwa kuandika ndani ya jalada aweza bado kulifuta. Jina la jalada huandikwa katika saraka, yaani orodha inayolibeba, na kufuta ni kuliondoa jina hilo orodhani. Basi aliyeruhusiwa kuingia na kuandika katika saraka hufuta apendavyo: kitabu kimetiwa kufuli, ilhali rafu i wazi! Kinga yake ni tarakimu 1 inayotangulia zile tatu za saraka, kama 1770. Hapo jalada hufutwa na mwenyewe, mwenye saraka, au msimamizi mkuu tu.

Mishahara na iwekwe katika saraka ya mhasibu na mkuu wake peke yao. Na mtumishi anapohama, jina lake liondolewe kikundini siku hiyo hiyo.