Darubini ya shamba la kando ya msitu: usidanganywe na namba kubwa

Wiki iliyopita kijana mmoja anayelima mpunga upande wa Mang'ula alinipigia simu. "Shikamoo bwana shamba, nimepata darubini ya 20x50 bei chee, nichukue?" Nikamuuliza ya kazi gani. Akasema tembo na nyani wanatoka msituni, anataka awe anawaona kabla hawajaingia shambani. Nikamwambia aiache hapo hapo dukani. Hakunielewa, ndiyo maana naandika haya.

Kwanza tuelewane kuhusu namba. Kwenye darubini yoyote utakuta namba mbili, mfano 8x32. Ya kwanza ni ukuzaji: mnyama aliye mita 80 utamwona kama yuko mita 10. Ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita, na hicho ndicho kinachoingiza mwanga. Wengi tunanunua kwa kuangalia ya kwanza tu, tunadhani ikiwa kubwa ndiyo mali. Kwa shamba la kando ya msitu ni kinyume chake.

Chukulia mazingira yenyewe. Shamba lako linaishia kwenye vichaka, na baada ya vichaka ni miti. Unachotafuta kiko mita 30 hadi 150. Sasa ukishika kitu cha mara 20, kila mtikisiko wa mkono unakuzwa mara 20 pia. Umetoka kupanda tuta, unahema, picha inacheza kama televisheni ya zamani. Halafu eneo unaloona linakuwa dogo mno. Nyani akiruka kutoka mti huu kwenda ule umeshampoteza, na hadi umpate tena wenzake wapo kwenye mahindi.

Upana huo mara nyingi huandikwa kwenye darubini yenyewe, mfano 131m/1000m. Maana yake, kwa umbali wa mita 1000 unaona eneo la upana wa mita 131. Kwa mita 100 ni mita 13 hivi, na kwa mita 30 ni karibu mita 4. Ikiwa imeandikwa 100m/1000m, kwa mita 30 unaona mita 3 tu. Porini mita moja hiyo ni tofauti kati ya kuona kundi na kuona mkia.

Ila jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni mwanga. Wanyama waharibifu wengi hawaji saa sita mchana. Wanakuja jua likizama, na alfajiri. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza, utapata ukubwa wa duara la mwanga linaloingia jichoni. 10x25 inakupa milimita 2.5. 8x32 inakupa 4. 7x35 na 6x30 zinakupa 5. Mchana kweupe mboni ya jicho lako ina milimita 2 hadi 3, kwa hiyo hata ile ya 10x25 utaiona safi kabisa, na muuzaji anajua hivyo. Giza likianza kuingia mboni inatanuka, kwa kijana inapita 5, na hapo darubini yenye 2.5 inageuka kuwa ya kuangalia moshi.

Hili nimelipata kwa kuumia. Miaka kadhaa nyuma nilinunua 10x25, ndogo, inaingia mfukoni, najiona mjanja. Jioni moja tuko kwenye shamba la mpunga, mimi na kijana mwenye shamba, tukaona vitu vyeusi kwenye uwazi wa miti. Nikaangalia na darubini yangu, nikasema ni ng'ombe. Kijana akachukua fimbo, hasira juu, anakwenda kumkabili mfugaji. Mlinzi wa shamba la jirani, mzee mmoja mwenye 7x35 kuukuu iliyofungwa kamba, akaangalia kidogo tu, akasema kwa sauti ya chini, "Wanangu, rudini. Tembo jike na ndama." Tulirudi. Kijana alikuwa ameshatembea kama hatua arobaini. Ile 10x25 bado ninayo, nawaonyeshea watoto ndege mchana.

Kwa hiyo, kwa kazi hii, ushauri wangu ni 6x30, 7x35 au 8x32. Kama unataka moja ya kuninginia shingoni kutwa bila kukuchosha, chukua 6x30 au 8x32. Zile za 8x42 ni nzuri sana jioni, lakini nyingi zina gramu 700 hivi, na kitu kizito mwisho wake kinabaki nyumbani. Za 8x25 ni nyepesi mno, zinafaa kuhesabu ndege mchana, jioni zinakuangusha. Na usiku wa giza totoro hakuna darubini ya kawaida itakayokusaidia, hata kama boksi limeandikwa inaona usiku.

Dukani usinunue ukiwa umesimama ndani. Omba utoke nayo nje. Ishike mbali na uso kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye mwanga (siyo jua, jua litakupofusha), uangalie yale maduara mawili madogo. Yakiwa mviringo kamili na meupe hadi pembeni, vioo vya ndani vina hali nzuri. Yakionekana kama pembe nne zenye kivuli, wamebana matumizi. Halafu angalia nguzo ya umeme iliyo mbali kwa macho yote mawili. Ukiona nguzo mbili, au kichwa kinaanza kuuma, vioo vimepinda, irudishe. Ile yenye kioo chekundu kinachong'aa kama cha pikipiki, na ile inayojisifu kuvuta mara 10 hadi 100, pita kama hujaziona. Unayevaa miwani, hakikisha vile vikombe vya mpira vinakunjika au vinazunguka kushuka chini, la sivyo utaona tundu tu.

Isiyoingia maji ongezea hela uipate. Msimu wa masika ukungu ukiingia ndani ya kioo, fundi wa kuutoa huku kwetu utamtafuta sana. Kabla ya kufuta kioo, puliza vumbi kwanza. Ukifuta na shati lenye mchanga umekwaruza mwenyewe.

Matumizi mengine: kwelea kwelea. Jioni fuatilia kundi linaelekea wapi, maana wanalala pamoja kwenye matete au miiba. Ukishajua mahali, toa taarifa kwa afisa kilimo mapema, hao ndio wanaowasiliana na wataalamu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kusema tu "ndege wamekuja" bila kujua wanalala wapi hakusaidii sana.

Na kwa wale watakaoniuliza kuhusu kitoweo: kuwinda bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na darubini shingoni haikupi kibali. Ukimwona tembo au nyati, usimsogelee. Andika saa, idadi na upande waliotokea, kisha piga simu kwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Kumbukumbu hizo hizo ndizo utakazozihitaji ofisi ya kijiji ukienda kudai kifuta jasho, na bora ziwe zimeandikwa siku ile ile.